Mikono ya Shati

Bibi shamba alikuja Mvumi na pikipiki yenye vumbi,
akauliza kama nina nguo ya pamba tupu.
Pamba tupu! Mitumba ya siku hizi ni plastiki mtindo mmoja.
Nikakumbuka shati la Chilongani la kuendea mnadani,
limelala chini ya sanduku tangu mwaka ule.
Nikalitoa. Nikalinusa kwanza.
Halafu nikachukua mkasi.

Mkono wa kulia tuliuzika ng'ambo ya korongo,
kwenye shamba tunaloberega tangu enzi za baba mkwe:
kuchoma mabua, kukwaruza, kupanda, kuomba.
Mkono wa kushoto, nyuma ya nyumba,
kwenye mashimo niliyotia samadi, maganda ya karanga
na mabua ya uwele niliyoyanusuru na kiberiti.
Kina cha kiganja. Jiwe juu.
"Siku sitini," alisema Sechelela, "na usichungulie."

Sikuchungulia.
Nilipita tu karibu na maji ya kuoshea vyombo,
nikamwaga kidogo.

Mvua ya kwanza ilikuja Desemba, usiku,
kama mtu aliyesahau funguo,
ikaondoka kabla mabati hayajanyamaza.
Lakini harufu!
Ile inayomtoa mjamzito nje alfajiri
akabandue kichuguu kwa kucha.
"Mvua haina harufu, mama Nyemo. Hao ni wao, wanaamka."
Wao nani?
"Waliomo. Bakteria. Kuvu. Hawana midomo, na wanakula.
Kijiko kimoja cha udongo huu
kina wengi kuliko Dodoma nzima na serikali yake,
na sensa haijawafikia."

Siku ya sitini tukachimba.
Ng'ambo ya korongo, mkono wa kulia ulitoka mzima.
Nikaukung'uta mchanga; kifungo chake kimefungwa.
Ningeufua, fundi angeuunga, ningeuvaa kanisani.
Sechelela hakufurahi.
Udongo usiokula, alisema,
ni mgonjwa anayesukuma sahani.

Nyuma ya nyumba jembe halikupata kitu.
Nikapiga magoti, nikatafuta kwa vidole:
uzi wa nailoni, mstari wa mshono
uliokuwa unashona kitu, sasa haushoni chochote,
na kifungo cheupe kinanitazama.
Basi.
Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyofundishwa.
Huu ulikuwa mtupu,
wakaulamba hadi mshono.

Walikula pamba, na chumvi ya jasho lake,
wakajisaidia, wakafa, wakaliwa na wenzao,
na hayo mabaki ya mabaki
ndiyo uwele unayoyaita chakula.
Mzizi ulikuwa umepita katikati,
pale kiwiko kilipokuwa.
Unawalipa sukari, Sechelela alieleza,
nao kuvu wanauletea fosforasi
kutoka pasipofika mkono wake.
Mkopo bila daftari, bila dhamana,
na hakuna anayetoroka.

Akang'oa mkunde, akapasua kinundu kwa ukucha:
ndani wekundu, kama ufizi wa mtoto.
"Hapa," akasema, "hewa inageuzwa mboga."
Nikavuta pumzi, nikaishikilia kidogo,
nisije nikawa nawapunguzia.

Mkono wa kulia nimeuhamishia kwenye shimo jipya.
Mlewa, jirani, akaniuliza juu ya ua nazika nini.
Nikamwambia nampa mtu mkono.
Akaenda kusimulia kisimani kwamba nimeanza.

Sikumuuliza Sechelela juu ya makaburi.
Yako ng'ambo ya korongo, udongo ule ule,
ule unaorudisha nguo kama ulivyopewa.
Kifungo ninacho, kwenye pindo la khanga.
Na mwaka huu, baada ya mavuno,
mabua ya huko hayakuona moto.
Nilikwenda na toroli la samadi,
safari tatu,
magurudumu yakilia njia nzima.